Nafasi ya Orrin Kando ya Ziwa

Theluji ilikuwa bado imelala uani, imefika usawa wa dirisha la jikoni, siku Ardith Tveit alipomdanganya mumewe kwa mara ya kwanza tangu waoane. Hakuwa mwanamke wa uongo. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na hata mtoto aliyemwuliza kama mchuzi wa leo ni mtamu alimjibu ukweli, uwe mtamu au uwe wa kumezea maji. Lakini mtu huzijua mbio zake siku anapofukuzwa.

Mumewe, Gaylen, alikuwa mezani na kikombe cha kahawa mkononi, miwani imemtelemka puani, ameitandaza mbele yake ramani ya Ziwa Tamarak. Huko, kwenye hifadhi ya jimbo, ndiko walikokwenda kila kiangazi na gari lao la kulala, lile gari refu lenye jiko, kitanda na choo ndani yake, wakikodi nafasi ya kuliegesha kando ya maji. Ungemtazama kutoka mlangoni usingejua kwamba akili yake ilikuwa ikimong'onyoka kidogo kidogo, kama ukingo wa mto unavyoliwa na maji.

"Ardi," akaita, "Orrin amekwishachukua nafasi yake? Akizubaa, watu wa mjini watazimaliza zote za mbele ya maji, halafu aanze kunilalamikia mimi."

Orrin alikuwa kaka yake. Alikuwa amekufa tangu mwaka uliopita, majira ya majani kupukutika, akiyakusanya uani kwake kwa reki. Gaylen mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Alilibeba, ila hakubaki nalo kichwani. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi Ardith alimwambia. Naye hakulia kama mtu anayekumbushwa. Alilia kama mtu aliyepigiwa simu sasa hivi. "Lini? Mbona hamkuniambia? Lavonne yuko na nani?" Lavonne alikuwa mke wa Orrin. Ardith humshika mabega, humfuta uso, humpeleka kitandani. Ikifika mchana yote yamefutika, na kesho yake ramani imetandazwa tena, kahawa inafuka moshi, na swali ni lile lile. Ardith alikuwa akimzika shemeji yake kila siku iendayo kwa Mungu, na kila siku mleta habari ni yeye.

Asubuhi hiyo alifungua kinywa aseme kama kawaida.

"Ndiyo," akajikuta anasema. "Kachukua. Ile ya kando yetu, penye misonobari."

"Kumbe mzee bado anazo akili!" Gaylen akapiga meza kwa kiganja, akacheka. Akanywa kahawa yake mpaka machicha, akala mayai yote, kisha akaenda kunyoa ndevu huku akipiga mluzi. Ardith hakuwa ameusikia mluzi huo tangu mazishi. Alishuka chini kwenye chumba cha kufulia, akaketi juu ya mashine, akaliweka shati la mumewe usoni, akalia humo ndani ya kitambaa ili asisikike.

Uongo hauishi mpweke. Ukishaingia nyumbani huita nduguze. Orrin akishakuwa hai, ni lazima awe na sababu ya kutopiga simu. Basi masikio yake yakawa yamezidi uziwi. Ni lazima awe na sababu ya kutokuja kunywa kahawa. Basi akawa kalala chini ya gari lake, anahangaika na breki. Ardith alivitunga hivi akiwa anaosha vyombo, mgongo umeelekea mezani, maana uso wake haukuwa umejifunza kazi hiyo.

Theluji ilipoyeyuka walilitoa gari bandani. Panya walikuwa wamepitisha baridi yote ndani ya saraka ya vijiko, wamezaa humo. Gaylen alizunguka akipiga magurudumu teke, akaukunjua mwavuli wa ubavuni, akayatoa mabombani yale maji ya rangi ya waridi ya kuzuia barafu. Mikono yake ilikuwa inakumbuka kuliko yeye. Kisha ghafla Ardith akamkuta amesimama na mpira wa maji mkononi, anautazama kama nyoka aliyemwokota.

"Hii ya nini, Ardi?"

"Ya kujazia maji."

"Ah, hilo nalijua. Nilikuwa nakupima tu."

"Nimefaulu?"

"Kwa shida," akajibu, na wote wawili wakacheka, mmoja wao kwa kweli.

Ndipo wazo lililokuwa la kupitishia asubuhi likaanza kuota mizizi. Kwa nini wasiende kweli? Daktari alikuwa amemwambia Ardith, kwa upole wa watu wanaosema mabaya kila siku, kwamba kiangazi hiki huenda kikawa cha mwisho mumewe kuijua njia ya kwenda chooni. Ardith akapanga. Akachagua wiki ambayo mbu wanakuwa wamepungua na maji yamepata joto. Akachukua nafasi yao ile ile ya miaka yote. Kisha, kidole kikiwa bado kwenye kompyuta, akaitazama nafasi ya kando, penye misonobari, iko wazi. Aliwaza wageni wakifika hapo na muziki wao, na Gaylen akiwauliza kwa nini wamekaa mahali pa kaka yake. Akaichukua na hiyo. Palipotakiwa jina, akaandika Orrin Tveit.

Tatizo lilibaki kuendesha. Gaylen alikuwa amenyang'anywa funguo, na Ardith hakuwahi kuligusa usukani gari lile kubwa. Mtu aliyeweza alikuwa mmoja: Lavonne, ambaye kwake yeye ndiye aliyekuwa dereva na Orrin msoma ramani. Ardith alijua kwamba lazima amwombe, na kwamba kabla ya kumwomba lazima amweleze. Akaahirisha leo, akaahirisha kesho.

Lavonne hakungoja kuitwa. Jumamosi moja alikuja na keki ya tufaha, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha kama alivyozoea. Ardith alikuwa kule chini na nguo.

"Shemeji!" Sauti ya Gaylen ilitambaa mpaka chini ngazini. "Umemwacha wapi huyo mzee? Bado yuko chini ya gari? Mwambie breki hazitengenezwi kwa matusi."

Ardith aliziacha nguo zikadondoka. Alipofika juu alimkuta Lavonne amesimama katikati ya jiko, sahani ya keki imeinama mkononi, uso umekuwa mweupe kuliko ukuta.

"Yuko… yuko sawa," Lavonne akasema. Akaiweka keki mezani, akatoka.

Ardith akamkuta uani, ameegemea gari lake dogo, funguo mkononi.

"Tangu lini?" akauliza Lavonne.

"Tangu theluji."

"Umemfufua mume wangu na hukuniuliza."

"Lavonne, ningefanya nini? Kila asubuhi alikuwa akilia kama mtoto. Kila asubuhi! Wewe ulimzika mara moja."

Neno hilo lilipomtoka tu alitamani kulirudisha. Lavonne akamtazama sana.

"Mara moja," akasema. "Wewe unadhani ni mara moja." Akaingia garini, akaondoka, na magurudumu yakaacha michirizi kwenye matope ya barafu iliyoyeyuka.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Ardith alikaa siku kadhaa na simu karibu, anaiokota na kuirudisha. Alipiga hatimaye, haikupokelewa. Kanisani, Lavonne alikaa upande wa pili, karibu na mlango, akaondoka kabla ya kahawa inayonywewa baada ya ibada. Gaylen, mezani kwake, aliendelea kupanga. Alitaka kuni za kununua kule kule, kwa kuwa hifadhi haitaki kuni za nje zinazoleta wadudu. Alitaka karata mpya, kwa sababu za zamani Orrin alikuwa amezijua kwa migongo yake.

Kisha Jumapili moja mlango wa nyuma ukafunguka. Lavonne akaingia na koti lake la kanisani, akavuta kiti akaketi mbele ya Gaylen, mikono ameikunja juu ya ramani.

"Orrin anasema," akaanza. "Orrin anasema mwaka huu samaki atakaanga yeye. Kwamba wako wa mwaka ule walikuwa mkaa."

"Mkaa!" Gaylen akaruka. "Yeye aliyekula vipande vinne? Mwambie akakaange kwao!"

"Nimwambie?"

"Mwambie!"

Lavonne akacheka. Kilianza kama kikohozi, kikafunguka kikawa kicheko kamili, na Ardith aliyesimama kwenye sinki alihisi jiko zima limepata joto. Walipokuwa wawili tu mlangoni, Lavonne akasema, "Nitawaendesha." Ardith hakumdai zaidi. Lile la jina aliloandika kwenye nafasi ya pili alilimeza. Alijiambia kuna wakati wake.

Tangu hapo Lavonne hakukosa. Alikuja asubuhi, mara nyingine na jioni, na mpango wa safari ukanenepa kama unga uliotiwa hamira. Nani alale kitanda cha juu, nani alete bakuli la viazi na nyama la siku ya kwanza, gari lipi lielekee ziwani. Orrin alikuwa na la kusema juu ya kila kitu. Alitaka viti vya zamani. Alikataa kuoga kwenye mabafu ya hifadhi. Alimcheka Gaylen kwa kofia yake, na Gaylen akamrudishia kwa tumbo lake, na Lavonne alizipeleka salamu hizo huku na huku kama mshenga, mashavu yamemwiva. Alianza hata kupaka rangi ya midomo.

Ardith kwanza alifurahi. Baadaye akaanza kuogopa, na hofu hiyo ilipata sura alasiri moja Gaylen alipokuwa amelala chumbani. Wanawake wawili hao walikuwa wakikunja mashuka ya safari.

"Hayo ya bluu usiyaweke," Lavonne akasema. "Orrin yanamwasha."

Ardith akaacha kukunja. "Lavonne. Gaylen amelala."

"Najua."

"Hayupo hapa. Tuko wawili tu."

"Nimesema najua!" Lavonne akaliangusha shuka mapajani. Akalipapasa pindo. "Kwangu nikiingia ni kiti chake tu kile. Nikiwasha taa, kiti. Nikizima, kiti. Hapa kwenu ana breki za kutengeneza. Ana samaki wa kukaanga. Hapa bado anagombana na mtu." Akainua macho. "Nitaacha. Tukirudi kutoka ziwani nitaacha. Niachie mpaka hapo."

Ardith angeweza kumwambia hapo hapo habari za nafasi ya pili. Badala yake alilichukua shuka la bluu, akalirudisha kabatini.

Walisafiri kukiwa na jua zuri. Lavonne alilishika usukani gari lile kama mtu aliyempanda farasi wake wa zamani, Gaylen kando yake akiimba majina ya vijiji kadiri walivyovipita: vinu vya nafaka, makanisa meupe, mashamba ya mahindi yaliyofika magotini. Alikuwa mchangamfu. Mara mbili aliuliza kama Orrin yuko mbele au nyuma. Lavonne akajibu yuko mbele, unamjua alivyo na haraka. Ardith, aliyeketi nyuma penye meza ndogo, aliona misonobari inaanza kuzidi mashamba.

Langoni mwa hifadhi palikuwa na kibanda, na ndani yake askari kijana wa kike mwenye kofia pana na uso mkunjufu. Lavonne akashusha kioo, akataja jina la Gaylen.

"Karibuni sana! Mko mbele ya maji, pazuri." Yule binti akaperuzi kwenye kompyuta yake. "Na ninaona mko pamoja na gari la pili. Bwana Orrin Tveit. Yeye bado hajafika. Yuko nyuma yenu?"

 Injini ilikuwa ikinguruma chini yao. Ardith alifumba macho. Wao watatu walikuwa wamelitaja jina hilo maelfu ya mara, lakini lilikuwa lao, la pale jikoni. Sasa mtu wa nje, asiyemjua yeyote kati yao, alikuwa anamngoja Orrin afike.

"Bibi?" akasema yule binti. "Nimwandikie kwamba anakuja?"

"Hapana," Lavonne akasema. "Haji."

"Haji vipi?" Gaylen akageuka. "Si umesema yuko mbele?"

Lavonne aliendelea kutazama kioo cha mbele, mikono yote miwili juu ya usukani. "Haji, Gaylen. Orrin amekufa."

Yule binti akaweka kiganja mdomoni. Ardith akainuka, akajisukuma mbele kati ya viti viwili akijiandaa kumshika mumewe, maana alikijua kilio kinachofuata, alikuwa amekibeba miezi mingi. Lakini Gaylen hakulia. Alikuwa anamtazama Lavonne, ambaye machozi yalikuwa yanamchirizika mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta.

"Masikini, Lavonne," akasema. "Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa anakwenda kukusanya majani. Akaniambia, kahawa yangu isipoe." Lavonne akavuta pumzi. "Nikaiweka jikoni juu ya moto mdogo. Nikaingoja pale, isipoe. Nilipotoka nje kumwita…"

 Gaylen akafungua mkanda wake wa kiti, jambo lililokuwa limemshinda kwa wiki nyingi, akamvuta shemeji yake begani kwake. Ndipo na yeye akaanza kulia, taratibu, kama wanavyolia watu kwenye msiba ambao wameufikia pamoja. Magari mawili yalikuwa yamepanga foleni nyuma yao. Hakuna aliyepiga honi. Yule askari alitoka kibandani, akaenda kusema nao kwa sauti ya chini, akayaonyesha njia ya kuzunguka.

Walipofika mahali pao Lavonne aliligeuza gari kwa mkupuo mmoja, kisha akashuka, akatembea mpaka kwenye maji, akaketi kwenye jiwe. Ardith alimfuata.

"Ulimwandikia nafasi," Lavonne akasema bila kugeuka.

"Niliandika."

"Ulitaka iwaje? Tukae tunaitazama?"

"Sijui nilitaka nini. Nisamehe, Lavonne. Sikutaka mtu mwingine akae pale."

Ziwa lilikuwa limetulia. Ndege wa majini, weusi wenye madoadoa meupe, walikuwa wanaitana ng'ambo, kile kilio chao ambacho hata watoto wa huko hawakizoei. Lavonne alikusanya kokoto mkononi, akazimimina.

"Kairudishe," akasema. "Wapo watu wanaotafuta nafasi."

Ardith akaenda mpaka ofisini kwa miguu. Hakueleza kitu, wala hakuulizwa. Kabla jua halijashuka, misonobari ilikuwa imepata wenyewe: baba na mama wenye sura za watu waliochoka na safari, hema lililokataa kusimama, na watoto waliokuwa majini hata kabla viatu havijavuliwa. Gaylen aliketi chini ya mwavuli wa gari, akiwatazama amekunja uso.

"Ardi. Wale ni akina nani? Hapo si pa Orrin?"

Ardith alimtazama Lavonne, aliyekuwa anamenya viazi. Lavonne akatikisa kichwa: mimi sitasema tena, si hili wala lile. Basi Ardith akavuta kiti, akaketi mbele ya mumewe, magoti yakigusana.

"Orrin amefariki, mume wangu. Tulikuwa tunamlilia hapo mchana, sisi sote watatu."

Gaylen aliipokea habari kama alivyozoea kuipokea. Lini? Mbona hamkuniambia? Lavonne yuko na nani? Ila safari hii Lavonne mwenyewe alifuta mikono, akaja akasimama nyuma ya kiti chake, akajibu, "Niko na nyinyi." Akalia nao. Walipomaliza walikula viazi.

Ilikuwa hivyo kila siku ya wiki ile. Hawakurudi kwenye uongo. Haikuwa rahisi, na kuna asubuhi Ardith aliona kwamba amemfanyia mumewe ukatili kumleta mbali hivi kuja kulia. Kuna asubuhi nyingine Gaylen alilia, akanyamaza, akaenda kumsaidia baba wa jirani kukaza kamba za hema, akimfokea kwamba mafundo yale ni ya kufungia viatu. Watoto wakampenda. Walimwita babu, naye akawaitikia kwa majina ya watoto wa zamani, na hakuna aliyejali.

Mwisho wa kiangazi miguu ya Gaylen ilianza kumkataa, na Ardith akashindwa kumwinua. Akampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyoko mjini, pazuri, pana madirisha. Gari la kulala likauzwa kwa watu wa kijiji cha pili. Lavonne alikuwa akimpitisha Ardith huko karibu kila siku na gari lake dogo, anamngoja nje akisoma gazeti, mara nyingine anaingia.

Siku moja, theluji ya kwanza ikiwa inaanguka, Ardith alimkuta mumewe ameketi dirishani, amechanwa nywele vizuri. Alimlisha uji wake, akamfuta mdomo, akamfunga vifungo vya sweta. Gaylen alimtazama kwa adabu kubwa, ile adabu aliyokuwa nayo kwa wahudumu wa hotelini na wake za wachungaji.

"Asante sana, mama," akamwambia. "Mungu akubariki. Nenda kapumzike, na wewe nyumbani kwako wanakungoja."

Ardith akasema, "Haya. Asante." Akalichukua koti lake.

Garini aliketi bila kufunga mkanda. Lavonne alimtazama mara moja tu, akalikunja gazeti, akaliweka nyuma.  Theluji ikaanza kufunika kioo cha mbele, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka jengo likapotea, na Lavonne hakuwasha injini mpaka Ardith aliposema twende.